Sura ya Saba: Kazi ya Bafu Iliyo Nyuma ya Tailizi

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, ubovu wa bafu hauonekani bafuni. Unaonekana chumbani, upande wa pili wa ukuta. Rangi inavimba, inachubuka, na unga mweupe unaanza kumwagika sakafuni. Watu husema ukuta umeingia fangasi. Wanakwangua, wanapaka dawa, wanapaka rangi upya, na masika yakipita hali inarudi palepale. Muda wote huo tailizi za bafuni zinang'aa, na hakuna anayezishuku. Kumbe maji ya kuoga yanapenya kila siku kwenye grauti, kile kijazio cha mistari kati ya tailizi, yanashuka nyuma ya tailizi, yananywewa na lipu na tofali, kisha yanatokea upande wa pili yakiwa yamebeba chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi.

Ninaanza na hilo kwa sababu anayetaka kuweka tailizi kwa mara ya kwanza huwaza kwanza rangi, ukubwa na urembo. Hayo yana nafasi yake. Lakini bafu linadumu au linaharibika kutokana na kazi inayofanyika kabla ya tailizi ya kwanza kugusa ukuta, na hiyo ndiyo kazi ambayo mtu asiye na uzoefu anaweza kuifanya vizuri sana. Haihitaji mkono wa haraka. Inahitaji kusubiri, kupima, na kurudia kupima. Fundi anayelipwa kwa mita ya mraba hana sababu ya kukaa wiki tatu akingoja lipu ikauke, maana anapongoja halipwi. Mwenye nyumba anaweza kungoja, na subira hiyo ina thamani kuliko mashine yoyote ya kukodi.

Tuchukue bafu la kawaida la chumba cha kulala: upana mita 1.5, urefu mita 1.86 baada ya lipu, na tailizi zipande ukutani hadi mita 2.1. Mzunguko wa kuta ni mita 6.72. Zidisha kwa 2.1, utapata mita za mraba 14.1. Toa mlango wa sentimita 70, unabaki na 12.6. Ongeza asilimia 10 ya zitakazokatwa na kuvunjika, inakuwa karibu 13.9. Tailizi za ukutani za sentimita 30 kwa 60 huuzwa mara nyingi nane kwa boksi, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo unahitaji maboksi 10. Sakafu ni mita za mraba 2.79, sawa na tailizi 31 za 30 kwa 30. Kwa sakafu yenye tundu la maji ongeza asilimia 15, kwa kuwa vipande vya kukata ni vingi. Nunua 36.

Nunua zote siku moja. Kila boksi lina namba ya mkupuo wa uzalishaji, na mara nyingi kuna herufi au namba ya kivuli cha rangi na ya kipimo halisi. Tailizi zinazotoka kiwanda kimoja, kiwe cha Mkuranga, Chalinze au Kajiado, zenye jina moja na picha moja, zinaweza kutofautiana rangi kidogo na hata kupishana milimita moja kama ni za mikupuo tofauti. Dukani huoni. Ukutani, zikikaa pamoja, utaona kila ukiingia kuoga.

Mwulize muuzaji kama tailizi ni ya sakafuni au ya ukutani, na ukijibiwa kwamba zote ni sawa tu, usikubali. Geuza tailizi na udondoshee maji mgongoni. Ya ukutani, ambayo mara nyingi ina mwili mwekundu au wa rangi ya krimu, huyanywa maji mara moja. Ya kauri ngumu, inayoitwa poseleni, huyaacha yakae juu, kwa sababu kwa viwango vya kimataifa haitakiwi kunywa maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Tofauti hiyo itaamua gundi utakayotumia. Kwa sakafu kuna jambo jingine zito zaidi: utelezi. Mimi siweki tailizi ya kung'aa kwenye sakafu ya bafu, na simshauri yeyote aiweke, hasa nyumba ikiwa na mzee au mjamzito. Baadhi ya maboksi yana alama ya R9 hadi R13, na namba ikipanda utelezi unapungua. Chagua R10 au zaidi. Kama boksi halina alama, lowesha tailizi dukani, vua kandambili, uikanyage kwa unyayo. Muuzaji atashangaa, lakini atakuachia.

Sasa turudi kwenye ukuta. Kama mabomba yanapita ndani yake, yajazwe maji kwa presha na yaangaliwe kabla hayajafunikwa. Kazi hiyo mwachie fundi bomba, na nyaya za hita ya maji mwachie fundi umeme. Lipu mpya imwagiliwe maji kwa wiki nzima, kisha iachwe. Lipu hunywea inapokauka, na ikinywea huku imeshabeba tailizi, kitu kimoja kitaachia. Wiki tatu hadi nne zinatosha. Kama ukuta ni wa zamani, ugongegonge kwa mpini wa bisibisi. Panapotoa mlio wa uwazi, lipu imeachana na tofali. Ibomoe na uipige upya. Rangi ya mafuta ikwanguliwe yote, maana gundi ikishika rangi, itakuwa imeshika rangi tu.

Weka rula ya alminiamu ya mita mbili juu ya ukuta, wima, kulala na mshazari. Panapoonekana uwazi wa zaidi ya milimita 3 au 4 chini ya rula, sawazisha kwa lipu na uingoje ikauke. Kishawishi cha kusema "nitasawazisha kwa gundi" ni kikubwa, na ndicho kinachozaa kuta zenye tailizi zinazopishana midomo. Gundi ya tailizi imetengenezwa kukaa kwa unene mdogo. Ukiipa sentimita mbili itanywea bila mpangilio na kuivuta tailizi kutoka mahali ulipoiweka.

Kagua pia kona. Kutoka kwenye kona pima sentimita 60 kwenye ukuta mmoja na 80 kwenye ukuta wa pili. Kati ya alama hizo mbili pakiwa na sentimita 100 kamili, kona ni ya skwea. Mabafu mengi hayana skwea. Hilo halikuzuii kuendelea, ila ujue mapema vipande vya mwisho vitakatwa kwa kupinda upande gani.

Sakafu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Maji yanatakiwa yaelekee kwenye tundu yenyewe, bila kusukumwa na ufagio. Mteremko unaofaa ni sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Kama kutoka mlangoni hadi tundu la maji ni mita 1.5, sakafu ishuke karibu sentimita 3. Mteremko huo utengenezwe kwenye zege jembamba la juu ya jamvi, kabla ya kufikiria tailizi. Funga uzi kutoka ukutani hadi tundu, tumia pima maji, na uweke alama kuzunguka kuta zote. Kisha hakikisha uso wa tailizi za bafu utakuwa chini ya uso wa chumba kinachofuata, angalau kwa sentimita 2, ili bomba likisahauliwa wazi maji yasitembelee zulia.

Hapa utaelewa kwa nini nimechagua tailizi za 30 kwa 30. Sakafu inayoteremka kutoka pande nne kuelekea tundu moja imekunjika katikati, na tailizi haikunjiki. Ukiweka ya 60 kwa 60 itabidi uikate mshazari kufuata mikunjo, au uilaze bapa na maji yatuame. Kadiri tailizi inavyokuwa ndogo ndivyo inavyoufuata mteremko kwa urahisi. Na kabla hujaanza, ziba tundu la maji kwa kitambaa. Saruji ikiingia kwenye kile kikombe kinachoshikilia maji ya kuzuia harufu na mende, utavunja sakafu mpya kuitoa.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo ningependa kila anayejenga aipiganie: dawa ya kuzuia maji. Tailizi yenyewe haipitishi maji kirahisi, lakini grauti ya saruji inapitisha, na bafu la mita chache lina makumi ya mita za mistari ya grauti. Kinachozuia maji ni tabaka lililo nyuma yake. Watu wa pwani walilijua hili kabla ya saruji kufika. Katika kasri la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, lililojengwa karne ya 14, bado lipo bwawa la kuogea lenye pembe nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika nyumba za kale za Lamu birika la maji lilijengwa ndani ya choo, na chini yake kukazamishwa bakuli la kauri kwa ajili ya samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu. Vyombo hivyo vilikaa na maji mchana na usiku. Fundi wa wakati ule aliupiga uso wa chokaa hadi ukawa laini na mgumu, kwa kuwa alijua jiwe lenyewe linakunywa.

Sisi tuna kazi nyepesi zaidi. Dawa ya unga wa saruji inayochanganywa na kimiminika chake, au ile ya mpira inayopakwa kama rangi, hupakwa mara mbili, ya pili ikikatiza mwelekeo wa ya kwanza. Paka sakafu nzima, panda nayo ukutani sentimita 20 pande zote, na eneo la shawa ipande hadi juu ya kichwa cha mtu. Kwenye kona zote, na kuzunguka bomba linalotoka ukutani au sakafuni, laza utepe maalumu wa kitambaa ndani ya tabaka la kwanza la dawa likiwa bichi. Kona ndipo jengo linapocheza, na nyufa huanzia hapo. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2 au 3, weka alama ukutani kwa penseli na uache saa 24. Maji yakishuka zaidi ya yale ya kukaushwa na hewa, tafuta tundu sasa. Kama bafu liko ghorofani, kaangalie dari ya chini. Jaribio hili linagharimu ndoo chache za maji, nami sioni sababu ya kuliruka.

Kuhusu gundi, mabishano ni mengi. Kwa miaka mingi mafundi wetu wamebandika tailizi kwa saruji tupu iliyokorogwa na maji, baada ya kuloweka tailizi kwenye pipa. Kwa tailizi ya ukutani yenye mwili unaonyonya, njia hiyo ilifanya kazi, na zipo kuta zilizodumu nayo. Kwa poseleni haifai. Saruji tupu hushika kwa kuingia ndani ya vitundu vya mgongo wa tailizi, na poseleni karibu haina vitundu. Kuiloweka pia hakuisaidii. Ukitumia gundi ya mfuko usiloweke tailizi kabisa, futa tu vumbi la mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu. Kwenye mfuko tafuta alama ya C1 kwa tailizi za ukutani zinazonyonya, na C2 kwa poseleni na kwa sehemu zenye maji mengi. Herufi T ikiwepo, gundi haitelezi ukutani. E maana yake inachelewa kukauka uso. Mfuko wa kilo 25 hutosha kwa wastani mita za mraba 4 hadi 5.

Weka maji kwanza ndani ya ndoo, kisha unga. Koroga hadi madonge yaishe, acha dakika 5 hadi 10, koroga tena. Iwe nzito kama ugali laini: ukiichota kwa mwiko na kuugeuza, isidondoke. Ikianza kuwa ngumu ndooni usiiongeze maji. Itupe.

Kabla ya kupaka, panga tailizi kwa macho na futi. Ukuta wetu wa sentimita 186 unaingia tailizi tatu za 60, na unabaki na kijisehemu cha sentimita 6 kwenye kona. Kijisehemu hicho ni kibaya kukata na kibaya zaidi kukitazama. Ukiweka mbili nzima katikati na kugawa kilichobaki, utapata kipande cha takriban sentimita 33 kila upande, na ukuta utaonekana umepangwa na mtu aliyefikiri. Kokotoa hivyo kwa kila ukuta, na uanze na ule unaoonekana kwanza mlango ukifunguliwa. Kwa mwanafunzi, hata hivyo, tailizi za kwanza kabisa kuzibandika ziwe kwenye ukuta wa nyuma ya mlango. Mkono ujifunze pale.

Usianze safu ya kwanza kwenye sakafu. Sakafu inateremka, na safu inayoifuata itateremka nayo hadi juu. Pigilia ubao ulionyooka ukutani, chini kidogo ya kimo cha tailizi moja kutoka sehemu ya chini kabisa ya sakafu, uupime kwa pima maji, na anza safu ya pili juu yake. Misumari ipigwe juu ya zile sentimita 20 zilizopakwa dawa, na katika eneo la shawa usitumie misumari. Simamisha ubao juu ya vipande vya matofali, maana kila msumari ni tundu kwenye dawa uliyopaka. Kuta zikipanda na kushika, ondoa ubao na matofali, weka sakafu, kisha ukate safu ya chini kwa kufuata mteremko. Ukuta utakuwa umesimama juu ya sakafu, na maji yanayotiririka yatadondokea juu ya tailizi.

Paka gundi eneo la mita ya mraba moja au pungufu. Tumia kwanza upande bapa wa mwiko, ukiikandamiza ishike ukuta, kisha upande wa meno, ukivuta mistari yote mwelekeo mmoja. Meno ya milimita 8 yanatosha ukutani, 10 sakafuni. Bandika tailizi, isukume kidogo kwa kukatiza mistari ili ilale na hewa itoke, igonge taratibu kwa nyundo ya mpira, weka spesa: milimita 2 ukutani, 3 sakafuni. Gundi ya kawaida inakupa kama dakika 20 kabla uso haujafanya ngozi, na joto la pwani linazipunguza. Iguse, kama haiachi alama kwenye kidole, ikwangue. Usijidanganye kwamba itashika.

Kila baada ya tailizi kadhaa, ibandue moja iliyowekwa sasa hivi na uangalie mgongo wake. Bafuni gundi inatakiwa ienee karibu yote, asilimia 95. Ule mtindo wa kubandika madonge matano, moja kila kona na moja katikati, unaacha vyumba vitupu nyuma ya tailizi. Maji hukaa humo, na siku chupa ya shampuu ikidondoka palepale, tailizi inapasuka.

Kukata kwa mstari ulionyooka hufanywa na mashine ya mkono ya kukwaruza na kuvunja, ambayo haina umeme wala vumbi. Kwa kona za ndani na matundu ya bomba utahitaji grainda yenye diski ya almasi. Kata ukiwa nje, umevaa miwani na barakoa inayobana uso. Vumbi la tailizi lina silika, na mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hiyo inayovutwa na pumzi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mafundi vijana wengi wanakata siku nzima wakiwa na shati tu lililofungwa puani, nami naumia kila ninapowaona. Usimwage maji juu ya grainda ya umeme isiyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Subiri saa 24 kabla ya grauti. Toa spesa, safisha gundi iliyojitokeza, na usukume grauti mshazari kwa kipande cha mpira hadi ijae kabisa. Ikianza kukaza, pita na sponji yenye unyevu, siyo inayotiririka, kwa sababu maji mengi huichujua rangi na kuidhoofisha. Utando mweupe unaobaki utafutwa kesho yake kwa kitambaa kikavu. Rangi ya kijivu huficha mengi kuliko nyeupe. Pale ukuta unapokutana na ukuta, na ukuta unapokutana na sakafu, usiweke grauti. Weka silikoni ya bafuni isiyoota ukungu, kwa kuwa inanyumbuka jengo linapocheza. Shawa isifunguliwe kwa siku tatu, au kwa muda uliotajwa kwenye mfuko kama ni mrefu zaidi.

Tailizi zilizobaki usizigawe. Zitunze angalau nane za ukutani na chache za sakafuni, pamoja na kipande cha boksi chenye namba ya mkupuo, mahali pasipovuja. Siku moja fundi bomba atalazimika kuvunja mbili au tatu ili afikie kiungo kilicholegea, na dukani tailizi hiyo itakuwa haipo tena. Siku hiyo umwelekeze avunje kwa uangalifu. Nyuma ya vipande hivyo kuna dawa ya kuzuia maji, na itabidi ipakwe upya mara mbili, ikipandia ile ya zamani pande zote, kabla tailizi mpya haijabandikwa.